Kikomo cha Riba Kenya, 2016 hadi 2019: Bei Ilishuka, Mlango Ukafungwa

Tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Benki yaliyoongeza kifungu kimoja tu, 33B. Kifungu hicho kilibeba namba mbili. Riba ya mkopo isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu, na riba ya amana isipungue asilimia 70 ya kiwango hichohicho. Benki ikikiuka, faini isiyopungua shilingi milioni 1, na isipolipwa mtendaji mkuu wake aende jela kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Sheria ilianza kufanya kazi tarehe 14 Septemba 2016 na ikafutwa tarehe 7 Novemba 2019.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa polepole kwa sababu kila upande ulikuwa na haki yake. Wananchi walikuwa sahihi kwamba mikopo ilikuwa ghali. Benki Kuu na Hazina walikuwa sahihi kwamba dawa hii haitatibu. Wabunge walikuwa sahihi kwamba benki zilipewa nafasi ya kujirekebisha zikaiacha ipite. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja kabla ya kura kupigwa: anayezuiwa kutoza, nani atamlazimisha kukopesha?

Hasira ilitoka wapi

Kenya iliacha riba ijiamulie sokoni Julai 1991. Katika muongo ule riba ya mikopo ilipita asilimia 30, biashara zikafa na nyumba zikapigwa mnada. Ndipo Joe Donde, mbunge wa Gem, alipoleta mswada uliofungamanisha riba ya mikopo na ile ya hati za Hazina za siku 91, ambazo serikali huuza ili kukopa. Ulipita Bungeni mwaka 2000 na kutiwa saini 2001, lakini uliandikwa uanze kutumika tangu tarehe iliyokwisha kupita. Chama cha mabenki kikaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2002 mahakama ikaona kurudi nyuma huko kunakiuka Katiba. Sheria ikabaki kwenye makaratasi. Jaribio jingine la miaka ya 2010 halikufika mbali. Benki ziliahidi kushusha riba zenyewe, na wabunge wakalegeza kamba.

Kwa hiyo Jude Njomo, mbunge wa mji wa Kiambu, alipoleta mswada wake, hakuwa akianza upya. Alikuwa akidai deni la ahadi.

Hali ya 2016 ilimsaidia. Riba ya mikopo ilikuwa karibu asilimia 18 kwa wastani, huku akaunti ya kawaida ya akiba ikilipa chini ya asilimia 2. Mwaka 2014 Benki Kuu ilikuwa imeanzisha kiwango rejea cha pamoja, KBRR, ili mkopaji aone benki imeongeza kiasi gani juu yake na kwa sababu gani. Kiwango kilitangazwa, benki zikaongeza juu yake zilichotaka, na wateja wengi hawakuwahi kujua kwamba kipo. Kisha katika miezi tisa benki tatu zilianguka: Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016. Wakati huo bima ya amana ilimlinda mwekaji hadi Sh100,000 tu. Mwenye mamilioni Imperial alibaki kupanga foleni. Katika hali hiyo, ukimwambia mwananchi kwamba benki zinahitaji uhuru wa kupanga bei, hakusikilizi, na huna cha kumlaumia.

Mswada ulipita Julai 2016 kwa kuungwa mkono na pande zote mbili za Bunge. Benki Kuu chini ya Gavana Patrick Njoroge ilipinga, Hazina nayo ikapinga. Rais alitia saini, akieleza kwamba hili ni jaribio la tatu na kwamba katika yale mawili ya kwanza ahadi za benki ndizo zilizozuia miswada. Siku iliyofuata hisa za benki zilianguka katika soko la Nairobi.

Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 8 Agosti 2017, chini ya mwaka mmoja mbele. Hesabu ya kisiasa ilikuwa rahisi. Mwalimu au muuguzi mwenye mkopo wa mshahara angeona makato yamepungua kwenye hati yake ya malipo, na angejua ni nani wa kushukuru. Muuza viatu ambaye mwaka unaofuata angeambiwa na afisa wa mikopo kwamba ombi lake halikupita, hangejua ni sheria iliyomnyima. Angedhani ni bahati yake au karatasi zake. Faida ya sheria ilikuwa na sura na jina, na hasara yake haikuwa na mwenyewe. Mageuzi mengi ya sekta ya fedha huangukia hapo.

Sheria iliyoandikwa kwa haraka

Ubaya wa kwanza ulikuwa katika maneno yenyewe, na haukuhitaji mchumi kuuona.

Sheria ilitaja kiwango cha msingi kinachowekwa na kutangazwa na Benki Kuu. Kipi? Vilikuwapo viwili. CBR, ambacho kamati ya sera ya fedha hutumia kuongoza uchumi, kilikuwa asilimia 10.5. KBRR, kile cha kurejelea bei za mikopo, kilikuwa 8.9. Ukitumia cha kwanza, kikomo ni 14.5; ukitumia cha pili, ni 12.9. Benki Kuu ililazimika kutoa mwongozo siku za mwisho kabla ya sheria kuanza, ikichagua CBR, na KBRR ikawekwa kando. Chini ya wiki moja baada ya sheria kuanza, tarehe 20 Septemba, CBR ilishushwa hadi 10, na kikomo kikawa 14.

Upande wa amana ulikuwa mbovu zaidi. Maneno yalitaja amana iliyowekwa katika “inayozaa riba” bila kusema inayozaa riba nini; neno akaunti lilianguka mahali fulani njiani na hakuna aliyelirudisha. Lakini hata lingekuwapo, mwanya ulikuwa wazi: sheria ilidhibiti akaunti inayolipa riba, haikusema akaunti ipi lazima ilipe. Benki zikabadilisha masharti. Akaunti ya akiba ya jana ikaitwa akaunti ya miamala leo, nayo haina riba kabisa. Mwenye Sh30,000 za akiba aliyetarajia asilimia 7 akapata sifuri. Aliyekuwa na mamilioni ya amana ya muda maalumu ndiye aliyepata kiwango cha sheria.

Na “mkopo” wenyewe haukufafanuliwa. Je, kadi ya mkopo imo? Ada ya kushughulikia ombi ni riba au si riba? Mkopo wa simu wa siku 30? Kila benki ilijibu kwa namna iliyoipendeza.

Hesabu ya Sh100,000

Mjadala mwingi wa wakati ule ulifanyika kwa maneno makubwa, pupa upande mmoja, soko huria upande wa pili. Tuweke hesabu mezani.

Muuza viatu wa soko la Gikomba, Nairobi, anataka Sh100,000 kwa miezi 12, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua. Kwa asilimia 18 analipa Sh9,168 kila mwezi, na riba ya mwaka mzima ni Sh10,016. Kwa asilimia 14 analipa Sh8,979, na riba ya mwaka ni kama Sh7,744. Ameokoa Sh189 kwa mwezi. Ni pesa, lakini si pesa ya kubadilisha biashara.

Sasa kaa upande wa benki. Kwa kuwa mkopo unapungua kila mwezi, wastani wa fedha iliyo nje mwaka mzima ni kama Sh55,300. Kama benki inapata fedha hiyo kwa amana za asilimia 7, inalipa Sh3,870. Kwenye riba ya Sh7,744 zimebaki Sh3,870 nyingine. Tuseme katika wafanyabiashara 20 wa aina hii, mmoja anashindwa akiwa amelipa nusu: hasara ya Sh50,000 ikigawanywa kwa 20 ni Sh2,500 kwa kila mkopo. Zinabaki kama Sh1,370. Hizo ndizo za kumlipa afisa aliyekwenda kuangalia kibanda, kulipia ripoti ya historia ya mikopo, kufuatilia malipo, na kuwasha taa za tawi.

Fedha hiyohiyo ikiwekwa kwenye hati za Hazina za siku 364, zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 11, inaleta kama Sh6,080. Toa gharama ya amana, zinabaki kama Sh2,210. Hakuna kibanda cha kutembelea, hakuna anayeshindwa kulipa, hakuna simu ya kupiga.

Kwa riba ya asilimia 18 muuza viatu angeiachia benki kama Sh3,600 baada ya kufidia hasara, na angeishinda serikali. Kwa asilimia 14 serikali inamshinda. Pointi nne hizo hazikumwokolea Sh189 kwa mwezi, zilimwondoa foleni.

Mkopaji mwenye mshahara hakuondolewa, kwa sababu makato yake hutoka kwa mwajiri kabla hajagusa pesa, na hasara kwake ni ndogo. Kampuni kubwa yenye hatimiliki za ardhi haikuondolewa, kwa sababu afisa mmoja anashughulikia faili moja la milioni 10 kwa muda uleule anaotumia kwenye faili la laki moja. Benki nyingi zilishusha riba hata kwa mikopo iliyokuwapo tayari, kwa hiyo waliokuwa ndani walifurahi kweli, na furaha yao haikuwa ya kubuni. Waliokuwa nje walibaki nje.

Takwimu zilifuata njia hiyo. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, ambao miaka michache nyuma ulikuwa ukikaribia asilimia 20 kwa mwaka, ulishuka hadi chini ya 3 mwaka 2017. Haki inadai isemwe: ulikuwa umeanza kushuka kabla ya sheria, kwa sababu ya benki tatu zilizoanguka na mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, iliyokuwa ikipanda, na 2017 ulikuwa mwaka wa uchaguzi uliorudiwa. Anayeitwisha sheria mzigo wote anapotosha. Lakini muundo wa kilichotokea, yaani benki kuhamia kwenye dhamana za serikali na mikopo midogo ya biashara kunywea zaidi ya ile mikubwa, ndio ambao hesabu ya hapo juu ingetabiri.

Benki ndogo ziliminywa pande mbili. Benki kubwa hukusanya mishahara kwenye akaunti za hundi zisizolipa riba, kwa hiyo fedha yao ni rahisi. Benki ndogo hutegemea amana za muda maalumu, ambazo sheria ilizipandishia bei, kisha hukopesha wafanyabiashara wadogo, ambao sheria iliwashushia bei. Sheria iliyokusudiwa kuwatia adabu wakubwa iliwaumiza wadogo wao.

Pesa za simu, nje ya uzio

Muuza viatu hakuacha kukopa. Alitoa simu mfukoni.

M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012 kwa ushirikiano wa benki ya CBA na Safaricom, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Tozo hiyo iliitwa ada ya uwezeshaji, haikuitwa riba. Mkopo wa Sh20,000 ulitozwa Sh1,500 kwa mwezi. Linganisha: Sh20,000 hizohizo kutoka benki kwa asilimia 14, zikilipwa kwa miezi 12, riba ya mwaka mzima ni kama Sh1,549. Ada ya mwezi mmoja kwenye simu ilikaribia kuwa sawa na riba ya mwaka benkini. Na aliyeukopa upya kila mwezi alilipa Sh18,000 kwa mwaka kwa kushika Sh20,000.

Hii ilikuwa bidhaa ya benki yenye leseni. Nyuma yake walikuja wakopeshaji wa programu za simu wasio na leseni ya Benki Kuu wala kikomo chochote, wengine wakiwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa kumwaibisha. Hawa hawakuwekwa chini ya Benki Kuu hadi sheria ya Desemba 2021 na kanuni zake za Machi 2022. Kwa hiyo katika miaka yote mitatu ya kikomo, mkopo wa bei nafuu uliwekewa uzio na mkopo wa bei mbaya ukaachwa ukimbie. Shailoki wa mtaani, mkopeshaji wa riba kali, naye hakusumbuliwa na mtu.

Sera ya fedha ilivyopinduka

Madhara haya hayakusikika sana Bungeni, labda kwa sababu yanahitaji kuelezwa mara mbili. Kwa kawaida Benki Kuu ikishusha CBR inataka mikopo iongezeke. Chini ya kifungu 33B, kushusha CBR kulishusha kikomo, na kila kikomo kilipoteremka, tabaka jingine la wakopaji lilikuwa hatari mno kwa bei hiyo. CBR ilipokwenda 9.5 Machi 2018, kisha 9 Julai 2018, kikomo kilikwenda 13.5 kisha 13. Kamati ilikuwa ikikanyaga mafuta na breki kwa mguu mmoja.

Na kulikuwa na mfaidika ambaye hakuwa na sababu ya kulalamika: mkopaji mkubwa kuliko wote, yaani serikali yenyewe. Benki zilizokosa pa kuweka fedha zilipanga foleni kwenye minada ya Hazina. Hazina ilipinga sheria hadharani, na hakuna haja ya kuitilia shaka nia yake, ila ukweli unabaki kwamba upungufu wa bajeti ulipata wanunuzi waliokuwa wamefungiwa njia nyingine.

Kuifuta kulivyochukua miaka miwili

Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeipa Kenya fungu la tahadhari, la kuchukuliwa tu ikihitajika, la dola bilioni 1.5 mnamo Machi 2016. Kikomo kikawa kikwazo cha mapitio ya programu hiyo, na Septemba 2018 fungu likaisha muda bila kuongezwa. Waziri wa Fedha Henry Rotich aliweka ufutaji wa kikomo katika Mswada wa Fedha wa 2018. Wabunge wakakataa. Walichokubali kuondoa ni sakafu ya amana tu, ile asilimia 70. Yaani kipande pekee cha sheria kilichomlinda mwekaji kilikufa kwanza, kwa kelele kidogo mno, na kile kilichowalinda waliokwisha kukopa kikabaki. Ukitaka kujua nani alikuwa na sauti katika mjadala huu, anzia hapo.

Tarehe 14 Machi 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka kwamba kifungu 33B kinakiuka Katiba kwa kutoeleweka: kiwango gani cha msingi, mkopo upi. Sheria inayoweza kumpeleka mtu jela lazima isomeke. Wakasimamisha uamuzi wao kwa miezi 12 ili Bunge lirekebishe. Makosa ya uandishi ambayo karani makini angeyanasa kwa saa moja ndiyo yaliyoipa Ikulu mlango.

Bunge lilijaribu kuufunga kwa kuweka ufafanuzi katika Mswada wa Fedha wa 2019. Oktoba 2019 Rais alikataa kuutia saini na akaurudisha na waraka wake chini ya Kifungu cha 115 cha Katiba, akitaka kikomo kifutwe kabisa. Mtu yuleyule aliyetia saini 2016. Alikuwa katika muhula wake wa pili na wa mwisho.

Kanuni ya Kifungu cha 115 inafaa kueleweka vizuri. Bunge likikubaliana na Rais, wingi wa kawaida unatosha. Likitaka kumpinga, linahitaji theluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349. Anayetaka Rais ashinde hahitaji kumshawishi mtu yeyote. Anahitaji baadhi ya watu wasije. Tarehe 5 Novemba 2019 waliokuwa ukumbini hawakufika 233, mapendekezo ya Rais yakapita, na siku mbili baadaye sheria ikatiwa saini. Kikomo kilikufa bila kura ya moja kwa moja ambayo mwananchi angeweza kumwuliza mbunge wake alisimama upande upi.

Kilichobaki mezani

Riba haikuruka siku iliyofuata. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki bado kinaitaka benki kupata idhini kabla ya kupandisha tozo zake, na Benki Kuu ilizitaka zilete kwanza mfumo wa kupanga bei kulingana na hatari ya kila mkopaji. Idhini zilikuja polepole. CBR ilipopanda hadi 13 mwaka 2024, wastani wa riba ya mikopo ulipita asilimia 16, na iliposhuka, malalamiko yakarudi kama ya 2014: benki ni wepesi kupandisha, wazito kushusha.

Mageuzi yaliyogusa mzizi yalipita pembeni bila shangwe. Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika iliunda sajili ambamo cherehani, ng’ombe, shehena au ankara inayosubiri kulipwa inaweza kuwekwa rehani na kuonekana na mkopeshaji mwingine. Irudishe kwenye hesabu ya Gikomba: shehena ya viatu ikishikika kisheria, hasara ya mkopo ulioshindwa si tena Sh50,000 nzima, na zile Sh2,500 za hatari zinapungua. Kitu kama hicho hushusha riba bila kumfukuza mtu, lakini huchukua miaka na hakionekani kwenye hati ya mshahara.

Agosti 2025 Benki Kuu ilitangaza mfumo mpya wa mikopo ya riba inayobadilika, kuanzia 1 Septemba 2025 kwa mikopo mipya na kufikia 28 Februari 2026 kwa ya zamani. Bei sasa ni KESONIA, wastani wa riba ambayo benki hukopeshana usiku mmoja kwa shilingi, kujumlisha nyongeza iitwayo K, yenye gharama za benki, faida ya wenye hisa na hatari ya mkopaji, kisha ada na tozo zinazotajwa kando. Ni ndugu wa KBRR ya 2014, na ugonjwa ulioiua KBRR ulikaa kwenye nyongeza, si kwenye rejea. Kwa hiyo mkopaji anayepewa karatasi asiishie kwenye jumla ya riba. Adai K iandikwe peke yake, aulize hatari yake imepimwa kwa vigezo gani, na ailinganishe na K ambayo benki nyingine mbili zimempa kwa mkopo uleule.